Mauzo ya ngano duniani: nani alikuwa juu, nani yuko juu sasa, na namna ya kulinganisha bila kujidanganya

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa biashara, wenye viwanda vya mikate, waandishi wa habari za uchumi, na mara nyingine mtu wa kawaida aliyechoshwa na bei ya pakiti ya unga. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina historia. Mengine yanaisha kwa sentensi chache.

Katika ngano yote inayovunwa duniani, ni kiasi gani huuzwa nje?

Zaidi kidogo ya robo. Miaka ya karibuni dunia imekuwa ikivuna tani milioni 780 hadi 800 kwa msimu, na zinazouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine ni tani milioni 200 na ushee. Iliyobaki huliwa huko huko ilikovunwa. China na India ndizo zinazoongoza kwa mavuno kama nchi moja moja, ila kwenye orodha ya wauzaji huzioni, maana vinywa vyao ni vingi.

Wauzaji wa kweli ni wachache: Urusi, Umoja wa Ulaya, Kanada, Australia, Marekani, Ukraine, Argentina na Kazakhstan. Hawa wanane hubeba zaidi ya asilimia 80 ya biashara yote. Kwa hiyo ukame Rostov, kusini mwa Urusi, au mvua isiyokoma Ufaransa wakati wa kuvuna hugusa bei mpaka kwa muuza maandazi wa Tandika.

Nani aliongoza zamani?

Marekani, na kwa mbali sana. Msimu wa 1981/82 iliuza nje takriban tani milioni 48, karibu nusu ya ngano yote iliyokuwa ikizunguka duniani. Msimu wa 2023/24 iliuza tani milioni 19 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na fungu lake likawa chini ya asilimia 10.

Hapo kuna mambo mawili, na watu huyachanganya. Tani zimepungua, ni kweli. Lakini soko la dunia nalo limekua zaidi ya maradufu tangu 1981/82, kwa hiyo hata kama Marekani ingeendelea kuuza tani milioni 48 zile zile, leo isingefika robo ya soko. Mtu akikuambia "Marekani imeanguka", muulize kwanza anasema juu ya tani au juu ya fungu la soko.

Urusi ilitokaje kwenye kununua mpaka kuwa muuzaji namba moja?

Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika biashara ya ngano kwa miaka 50, na tutalieleza taratibu.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Dola ya Urusi ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano, na Odesa ilikuwa bandari ya nafaka yenye jina. Kilichokuja kuwa kigeni ni kipindi cha Kisovieti. Mwaka 1972, baada ya mavuno mabaya, Moscow ilinunua mamilioni ya tani za nafaka ya Marekani kimyakimya, kampuni moja moja, kabla soko halijashtuka, na bei ikaruka. Januari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani aliizuilia Moscow nafaka kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Wasovieti wakageukia Argentina na wengine, na Ronald Reagan akaondoa zuio hilo Aprili 1981. Msimu wa 1984/85 Umoja wa Kisovieti uliagiza nafaka za kila aina zaidi ya tani milioni 50.

Nafaka hiyo haikuwa ya mkate tu. Sehemu kubwa ilikwenda kwa ng'ombe, nguruwe na kuku, kwa kuwa serikali ilikuwa imewaahidi wananchi nyama. Umoja huo ulipovunjika mwaka 1991, ufugaji ule wa ruzuku ulianguka, na nafaka iliyokuwa ikiliwa na mifugo ikabaki. Shilingi yao, yaani rubo, ikaporomoka mwaka 1998 na nafaka yao ikawa rahisi machoni pa mnunuzi wa nje. Msimu wa 2000/01 Urusi iliuza nje chini ya tani milioni 1 ya ngano. Msimu wa 2002/03 iliuza zaidi ya milioni 12.

Yaliyofuata ni uwekezaji wa kweli: mbegu bora za ngano ya majira ya baridi, mbolea, matrekta, na bandari ya Novorossiysk, ambayo iko karibu na mashamba ya Krasnodar, Stavropol na Rostov. Mkulima wa Kansas hutegemea reli au mashua za mtoni mpaka Ghuba ya Meksiko. Wa Krasnodar hupeleka kwa lori. Mwaka 2014 rubo ikaanguka tena, na msimu wa 2015/16 Urusi ikaipita Marekani. Msimu wa 2023/24 ilifikisha takriban tani milioni 55, kiasi ambacho nchi moja haijawahi kuuza katika msimu mmoja. Msimu uliofuata ukashuka kwa zaidi ya tani milioni 10.

Kasoro yake? Serikali huingilia. Agosti 2010, baada ya ukame na moto, ilipiga marufuku kuuza nafaka nje mpaka mwisho wa Juni 2011; mauzo yakashuka kutoka zaidi ya tani milioni 18 hadi kama milioni 4. Tangu 2021 kuna ushuru wa kuuza nje unaopanda na kushuka pamoja na bei, na ukomo wa tani kila mwaka kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Juni. Muuzaji namba moja si lazima awe muuzaji wa kutegemewa.

Basi kwa nini Marekani ilirudi nyuma? Walishindwa kulima?

Hapana, walichagua kulima kingine. Mwaka 1981 wakulima wa Marekani walipanda ngano hekta kama milioni 35. Miaka ya 2020 eneo hilo limekuwa kama nusu ya hapo. Soya na mahindi vimechukua nafasi, kwanza kwa sababu China inanunua soya kwa wingi, pili kwa sababu mahindi huenda kutengenezea ethanoli ya magari, tatu kwa sababu mbegu mpya zimeruhusu mazao hayo kusogea magharibi kwenye ardhi kavu iliyokuwa ya ngano. Sheria ya kilimo ya mwaka 1996 nayo ilimpa mkulima uhuru wa kupanda anachotaka bila kupoteza malipo ya serikali. Ongeza na dola yenye nguvu. Aliyekuwa akinunua kutoka Texas akaona Constanța, bandari ya Romania, au Novorossiysk ni nafuu.

Na Ulaya?

Ulaya ya Magharibi ilikuwa ikiagiza ngano mpaka miaka ya 1970. Sera yao ya pamoja ya kilimo ilimhakikishia mkulima bei, mavuno yakafurika, na ziada ikauzwa nje kwa ruzuku. Marekani ikajibu kwa ruzuku yake mwaka 1985. Wakati huo ilikuwa vita ya mifuko ya serikali, na aliyeumia zaidi ni mkulima wa nchi maskini aliyeshindana na ngano iliyouzwa chini ya gharama. Ruzuku za namna hiyo zilikubaliwa kufutwa kwenye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi, Desemba 2015. Ni moja ya mikutano michache ya shirika hilo iliyotoka na kitu mkononi.

Leo Umoja wa Ulaya huuza kati ya tani milioni 25 na 40 kwa msimu. Ndani yake nguvu imehamia mashariki: Ufaransa, kupitia bandari ya Rouen, imekuwa ikipoteza wanunuzi Afrika Kaskazini, hasa Algeria, na Romania imepanda kupitia Constanța. Mavuno ya Ufaransa ya mwaka 2024, yaliyoharibiwa na mvua, yalikuwa kati ya mabaya zaidi kwa miaka 40.

Australia na Argentina mbona zinapanda na kushuka hivyo?

Mvua. Australia ina watu wachache, na matumizi yake ya ndani hayabadiliki sana, kwa hiyo karibu kila tani ya ziada au ya pungufu huonekana moja kwa moja kwenye mauzo ya nje. Msimu wa 2019/20, baada ya ukame wa mfululizo, iliuza kama tani milioni 10. Msimu wa 2022/23 ilipita milioni 30. Ni wakulima wale wale, kwenye mashamba yale yale.

Argentina ina mvua na ina siasa. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2015 serikali ilitoza kodi na kutoa vibali vya kuuza nje kwa mkono mgumu, wakulima wakahamia mazao mengine. Desemba 2015 Mauricio Macri alipoingia madarakani aliondoa kodi hiyo kwa ngano, na kilimo kikafufuka. Kisha ukame wa 2022/23 ukaja: mauzo yalianguka kutoka zaidi ya tani milioni 16 hadi chini ya milioni 5.

Kanada hutulia zaidi, na ngano yake ngumu yenye protini nyingi ina wateja wake hata ikiwa ghali. Lakini ukame wa 2021 kule Saskatchewan na Alberta uliwapunguzia mauzo karibu nusu.

Vita vya Ukraine vilibadilisha nini hasa?

Chini ya wengi wanavyodhani kwa tani, na zaidi ya wanavyodhani kwa njia na bei.

Urusi ilipovamia tarehe 24 Februari 2022, bandari za Odesa zilifungwa na bei ya ngano kwenye soko la Chicago ikapita dola 12 kwa busheli, ambayo ni kilo 27 na kidogo. Julai 22 yakatiwa saini makubaliano ya Istanbul, ya kuruhusu meli za nafaka ya Ukraine kupita, chini ya Umoja wa Mataifa na Uturuki. Mwezi Agosti meli ya Brave Commander ilipakia tani 23,000 za ngano ya Shirika la Mpango wa Chakula kwa ajili ya Ethiopia, ikashusha Djibouti. Makubaliano yalidumu mpaka Julai 17, 2023, Urusi ilipojitoa, baada ya tani karibu milioni 33 za nafaka na vyakula kupita. Zaidi ya nusu ya hizo ilikuwa mahindi, si ngano. Baadaye Ukraine ilifungua njia yake yenyewe ikikumbatia pwani ya Romania na Bulgaria.

Matokeo? Msimu ulioishia katikati ya 2022, Ukraine iliuza karibu tani milioni 19 za ngano. Uliofuata kama 17. Uliofuata tena karibu 19. Mstari haukukatika. Kilichokatika ni faida ya mkulima, aliyelipwa bei ya kutupa huku bima ya meli na usafiri wa kupitia mto Danube vikimla. Na wakulima wa Poland, walioona nafaka hiyo ikijaa kwao, wakafunga barabara kwa matrekta.

Nimepata majedwali mawili yenye takwimu tofauti za nchi ile ile. Lipi ni la kweli?

Huenda yote mawili. Hapa ndipo makosa mengi ya ulinganisho huzaliwa, kwa hiyo kaa hapa kidogo.

Kwanza angalia mwaka. Msimu wa biashara Marekani huanza Juni, Ulaya na Urusi Julai, Kanada Agosti, Australia Oktoba, Argentina Desemba. Forodha nao huhesabu Januari hadi Desemba. Chukua meli iliyopakia Bahía Blanca Novemba 2022. Kwa kalenda ya Argentina shehena hiyo ni ya msimu wa 2021/22, ule mzuri. Kwa kalenda ya Julai hadi Juni ni ya 2022/23. Kwa forodha ni ya 2022. Anayetumia mwaka wa kawaida ataona 2022 bado ni njema na anguko likaja 2023. Anayetumia msimu wa Argentina ataliona chini ya jina "2022/23". Ukame ni mmoja.

Pili, Ulaya. Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huhesabu nchi moja moja, kwa hiyo ngano ya Ufaransa inayokwenda Ubelgiji ni mauzo ya nje. Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, huhesabu Umoja wote kama mtu mmoja na kuacha biashara ya ndani. Ukijumlisha Ufaransa, Ujerumani na Romania kutoka FAO, kisha ukaweka jumla hiyo kando ya Urusi, umeipendelea Ulaya. Kumbuka pia kwamba Uingereza imetoka: shehena ya kwenda Uingereza iliyokuwa ya ndani sasa ni ya nje.

Tatu, unga. Baadhi ya majedwali yanageuza unga kuwa ngano, kama kilo 1.37 za ngano kwa kila kilo ya unga, na mengine yanaacha nafaka peke yake. Kwa Urusi tofauti ni ndogo. Kwa Uturuki, inayoongoza duniani kwa kuuza unga nje na huku ikinunua ngano nyingi ya Urusi ya kusaga, tofauti ni mbingu na ardhi.

Kanuni yangu: chanzo kimoja, kalenda moja, kwa nchi zote. Na kama unalinganisha miongo, tumia wastani wa misimu mitano mitano. Mtu akianza mstari wake Australia 2019/20 na kuuishia 2022/23 atakuambia mauzo yameongezeka mara tatu. Hakudanganya, amechagua tu pa kuanzia.

Je, India na China zinaingia wapi?

India huingia na kutoka. Mwanzoni mwa 2022 ilionekana ingeziba pengo la Ukraine, kisha joto kali la Machi likakausha punje shambani, na Mei 13 serikali ikapiga marufuku mauzo ya nje. China ni mnunuzi, na mnunuzi wa kushtukiza: msimu wa 2023/24 iliagiza zaidi ya tani milioni 13, msimu uliofuata ikapunguza sana.

Sisi Afrika Mashariki tunahusikaje?

Kama wanunuzi. Kenya hulima Narok, Uasin Gishu, Nakuru na upande wa Timau, lakini mavuno hayo ni sehemu ndogo ya mahitaji yake. Tanzania hulima Hanang, Karatu, Kilimanjaro Magharibi na nyanda za juu kusini, na bado huagiza sehemu kubwa zaidi. Mashamba makubwa ya Basotu, huko Hanang, yalianzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye ardhi ya malisho ya wafugaji Wabarabaig. Kanada ilileta mashine na wataalamu, Wabarabaig wakapoteza machunga, na ngano ya kutoka nje haikukoma.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ya kutoka nje ni asilimia 35, lakini karibu kila mwaka nchi huomba kutoza asilimia 10 au chini ya hapo, kwa sababu bila hivyo mkate ungekuwa anasa. Kenya imekuwa ikiwataka wenye vinu wanunue kwanza ngano ya wakulima wa ndani ndipo wapate nafuu hiyo.

Mwelekeo wa dunia unaonekana wazi gatini. Meli ya ngano ikifunga Mombasa, nafaka huinuliwa kutoka tumboni mwa meli, husafiri kwenye mikanda ya juu mpaka kwenye silo, na malori ya kwenda bara hujipanga chini yake. Kizazi kimoja nyuma, ngano ya kutoka Bahari Nyeusi ilikuwa nadra kwenye mikanda hiyo. Sasa ni ya kawaida, ikipishana na ya Argentina na Australia kulingana na bei ya mwezi. Wenye vinu huchanganya: ya bei nafuu kwa wingi, na kiasi cha ngano ngumu kuinua protini ili boflo iumuke.

Kuna jambo moja ambalo jedwali la mauzo halikuonyeshi. Meli ya Novorossiysk kuja Mombasa au Dar es Salaam hupita Bosporus, Suez na Bab el Mandeb. Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, njia hiyo imekuwa na bima ya juu, na baadhi ya meli huzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ya Argentina na Australia haipiti huko. Kwa mnunuzi wa pwani yetu, muuzaji wa bei ya chini bandarini kwake anaweza kuwa ghali akifika.

Bei ya dunia ilishuka. Mbona unga dukani haukushuka?

Ilishuka, ila kwa dola. Machi 2022 busheli ilikuwa zaidi ya dola 12 na dola moja kama shilingi 114 za Kenya: shilingi 1,368. Januari 2024 busheli ilikuwa karibu dola 6, dola ikiwa kama shilingi 160: shilingi 960. Kwa dola bei imepungua nusu, kwa shilingi imepungua asilimia 30. Na ngano ni sehemu moja tu ya bei ya pakiti; nauli, umeme wa kinu, kodi na faida ya kila mkono havikupungua pamoja nayo.

Ethiopia inauza nje sasa?

Serikali yake ilizindua mauzo ya nje Februari 2023, ikijivunia ngano ya umwagiliaji. Mavuno yameongezeka kweli. Lakini nchi hiyo hiyo ilikuwa ikipokea ngano ya msaada, kwa hiyo usiiweke kwenye safu moja na Kazakhstan. Subiri misimu mitano.

Takwimu mpya hutoka lini na wapi?

FAO hutoa za muda mrefu, nzuri kwa kazi ya shule na tafiti. Baraza la Kimataifa la Nafaka lililoko London hutoa ripoti zake mara kwa mara. Wafanyabiashara wengi husubiri ile ya USDA, inayotoka mara moja kwa mwezi, kwa kawaida kati ya tarehe 8 na 12, saa sita mchana Washington. Kwetu ni saa moja usiku, au saa mbili Marekani wakirudisha saa nyuma. Ukisoma, linganisha na ripoti ya mwezi uliopita kabla ya kulinganisha na mwaka uliopita. Soko husogea kwa kile kilichorekebishwa.